Ishara ya Sifuri

Miguu ya Brenda ilikuwa na tope, na mtoto hakuwa ametoka kitandani.

Boke aliiona alipoingia kumwamsha mjukuu wake kutoka usingizi wa mchana. Kwanza alikasirika, maana mashuka alikuwa ameyafua jana, na pale mtaani Nkende maji yakikatika yamekatika. "We Brenda, ulikwenda wapi?" Mtoto akafumbua macho, akasema hajaenda popote. Na kweli, mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la juu, ambalo mtoto wa miaka minne halifikii hata apande kiti. Boke akachukua kitambaa, akaipangusa ile miguu. Tope lenyewe halikuwa jekundu kama la pale uani. Lilikuwa jeusi, laini, linanuka samaki na majani yaliyooza. Alijua linatoka wapi. Akaenda kufungua tena duka.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo. Watu walikuja hapo kuchapa barua, kutoa kopi, kuombea watoto mikopo ya chuo. Kila kompyuta ya mteja ilisimamiwa na programu ndogo, na programu ndogo zote zilizaliwa na programu moja kubwa iliyokaa kwenye kompyuta ya kaunta. Iliitwa Mlinzi. Aliiandika Ezra, mtoto pekee wa Boke, baba yake Brenda.

Ezra ndiye aliyemfundisha mama yake. "Mama, programu huizimi kwa hasira. Unaitumia ishara." Kumi na tano ni ishara ya adabu: maliza ulichoshika, kusanya vyako, nenda. Tisa haina adabu, inakata palepale. Halafu kuna sifuri. "Hiyo haiombi wala haiui, mama. Inapiga hodi tu. Mashine ikikaa kimya, ujue programu ipo. Ikikujibu, ujue haipo."

"Ala!" Boke alicheka siku hiyo mpaka akashika mbavu. "Adabu gani hiyo? Aliyepo anyamaze, asiyekuwepo ndiye aitike?"

Masika yaliyofuata, asubuhi moja, Ezra aliwasha kompyuta ya kaunta, Mlinzi akamzalia programu ndogo ya kompyuta ya dirishani, ile aliyoitumia mwenyewe, kisha akapanda pikipiki kwenda Busawe kwa mteja. Mto Mara ulikuwa umefura. Pikipiki ilipatikana imenasa kwenye mizizi. Ezra hakupatikana. Wapo waliotaja mamba, na Boke aliwafukuza uani kwake kwa fimbo.

Mzee Machage, kaka wa marehemu mumewe, alikuja na wazee wenzake. Mwili usipoonekana, walisema, unazikwa mgomba badala yake, wafiwa wananyolewa, matanga yanaanuliwa. Boke alisimama mlangoni akawazuia.

"Nizike mgomba? Mwanangu ni mgomba?"

Basi hakunyoa. Kila jioni alimwekea Ezra sahani ya ugali, akaifunika. Kompyuta ya kaunta hakuruhusu izimwe hata mara moja, kwa sababu ni mkono wa Ezra ulioiwasha asubuhi ile. Umeme ukikatika, betri inashika. Na kila siku kabla ya kufungua duka, aliitumia programu ya Ezra ile sifuri. Upo? Mashine ilikaa kimya. Moyo wake ukatulia. Mama wa watu, nani angethubutu kumlaumu?

Alasiri ile ya tope mvua ilishuka ghafla, umeme ukakatika, na wateja wakakimbilia makwao. Boke alikuwa peke yake kaunta aliposikia pikipiki inasukumwa uani, injini imezimwa, matairi yanakwaruza changarawe. Kisha mtu akakohoa kidogo, vile Ezra alivyokohoa kabla ya kuingia ndani. Boke akasimama. Alifurahi, jamani! "Ezra? Ni wewe, baba?" Harufu ya mto ikaingia, nzito, ikajaza chumba, na hatua zenye maji zikapita mbele ya kaunta, chwa, chwa, alama zake zikibaki sakafuni moja moja bila mtu wa kuzikanyaga, zikaenda hadi dirishani, na pale, kwenye kompyuta iliyozimika kabisa, vitufe vikaanza kubonyea chini kimoja kimoja, polepole, kama vinabonyezwa na vidole vilivyokufa ganzi, na Boke akiwa bado anatabasamu huku machozi yanamtoka akasikia kule chumbani Brenda anakohoa, kikohozi cha mtu aliyepaliwa, kinachogugumia maji.

Alimkuta mtoto midomo imekuwa ya bluu. Nywele zimelowa, maji meusi yanamtoka mdomoni. Kando yake godoro lilikuwa limebonyea, kama mtu mzima amelalia hapo.

"Bibi," Brenda alinong'ona, "baba anasikia baridi. Anataka nimpashe joto."

Hospitali walimtoa maji kifuani. Nesi alimuuliza Boke kwa ukali mtoto alizama wapi. Siku iliyofuata, wamesharudi nyumbani, mvua ilinyesha tena, na yule mtoto akiwa mikononi mwa bibi yake, mlango umefungwa, alianza kuloa tena kuanzia nyayo. Hapo ndipo Boke alipokimbilia kaunta. Akaitumia programu ya Ezra kumi na tano. Nenda, baba. Tafadhali nenda. Jina la programu halikuondoka kwenye kioo. Akafumba macho, akatuma tisa. Kutoka dirishani kikatoka kilio cha mtu anayeumizwa, na jina bado lilikuwa pale pale.

Alimpigia simu mwalimu Lilian, dada wa Kihaya aliyepangiwa kufundisha kompyuta Tarime, rafiki wa Ezra. Lilian alikuja amelowa chapachapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo uone. Nimeiua, haifi."

Lilian aliinamia kioo kwa muda mrefu. Alipozungumza alikuwa ameshusha sauti. "Mama, haitakufa. Imeshakufa. Ona herufi hii pembeni ya jina, ndiyo alama ya programu iliyokufa. Ilikufa alasiri ya siku ile ile aliyoondoka."

"Lakini kila siku naipigia hodi, mashine inanyamaza! Ikinyamaza si ndiyo ipo?"

"Jina ndilo lipo, mama. Mwenye jina hayupo. Ilipokufa, Mlinzi aliletewa taarifa. Hakuipokea. Nadhani Ezra alisahau kumwandikia sehemu hiyo. Sasa haiwezi kurudi kazini, wala haiwezi kuondoka. Imekwama hapo, na hakuna ishara ya kumuua aliyekwisha kufa."

"Itaondokaje?"

"Aliyeizaa apokee taarifa. Au azimwe yeye mwenyewe aliyeizaa, ndipo nayo ifutwe."

Boke alimtazama Brenda, amefunikwa blanketi mbili na bado meno yanagongana. "Kwa hiyo nikifa mimi, huyu atapona?"

"Mama Ezra! Mimi nazungumzia kompyuta."

"Najua unachozungumzia, mwanangu."

Akifa yeye, Brenda ataachwa na nani? Mama yake alishaolewa kwingine, hata simu hapigi. Ilibaki ile njia ya kwanza, aliyezaa apokee taarifa. Akachukua simu, akampigia Mzee Machage. "Shikamoo, shemeji. Leteni mgomba."

Kesho yake Machage alifika na watu wachache, shina la mgomba limefungwa kwa shati la Ezra. Kaburi lilichimbwa kando ya lile la baba yake. "Shemeji," Machage alimwambia pembeni, "kuna neno lazima ulitoe wewe kwa kinywa chako. Sisi hatuwezi kukusaidia. Kijana amesimama mvuani siku zote hizi anangoja ruhusa yako, na kila ukimwita, mto unakuja naye."

Boke akasimama kwenye ukingo wa kaburi, Brenda mgongoni, Lilian kando yake. Akafungua mdomo. Neno halikutoka. Mara wingu likafunga, matone yakaanza, harufu ile ikaja na kuwapita waombolezaji wote, wengine wakiziba pua, wengine wakirudi nyuma kwa hofu, na kwenye udongo mpya zikaonekana nyayo zikijaa maji, zikija moja kwa moja hadi alipo Boke, zikasimama, ubaridi ukamgusa shavuni kama kiganja, na alikijua kile kiganja, alikiosha kikiwa kidogo, alikishika siku ya kwanza ya shule, na angekiacha kikae hapo hadi mwisho wa dunia kama si Brenda kuanza kupaliwa mgongoni na maji kumtiririkia Boke shingoni.

"Ezra mwanangu amekufa," alisema.

Akaikaza kanga iliyombeba Brenda.

"Amekufa mtoni. Mimi mama yake nimesikia. Nimepokea." Akaziinamia zile nyayo. "Nenda, baba. Usimchukue huyu. Nenda kwa baba yako."

Ubaridi ukatoka shavuni. Brenda akavuta pumzi ndefu, akaacha kukohoa. Waliushusha mgomba, wakafukia, na wembe ukapita kichwani mwa Boke, mvua ikizichukua nywele zilipoanguka.

Jioni alikaa kaunta kwa mara ya mwisho mbele ya kazi ya mikono ya mwanawe. Akamtumia Mlinzi kumi na tano, ile ya adabu. Mlinzi akazimika taratibu, na majina yote yakafutika kwenye kioo. Sahani ya ugali ya Ezra hakuiweka wala kuifunika. Lakini mama ni mama. Akaandika sifuri, na namba ile ya programu ya Ezra aliyoijua kwa kichwa, akabonyeza. Upo?

Mashine ikamjibu.

Boke alisoma jibu lile mara mbili, haipo, kisha akaenda chumbani. Nje mvua ilikuwa imerudi, kubwa. Brenda amelala, miguu iko nje ya shuka. Boke akaipapasa gizani. Ilikuwa mikavu, ina joto. Akaishika hivyo hivyo kwa mikono miwili, akamlilia mwanawe kwa sauti, kilio alichokizuia tangu masika.