Tundu la Punje ya Mchele

Kila siku saa kumi alasiri, nikishavua sare na kuosha vyombo, nilivaa shati kuukuu la Mama na kwenda uani. Huko ndiko ilikokuwa gereji yetu, kama mabati manne na meza moja ya mbao vinaweza kuitwa gereji. Mdogo wangu alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kiti chake cha plastiki karibu na beseni la mafuta ya taa. Miguu yake haijawahi kumbeba tangu azaliwe, lakini mdomo wake hufanya kazi ya watu watatu. Tunamwita Meneja.

"Umechelewa dakika kumi," aliniambia siku moja. "Nakukata mshahara."

"Mshahara upi?"

"Huo huo usioupata."

Gari la Mama lilikuwa limelala wiki tano. Lilichemka kwenye kilima cha shule, Mama akaling'ang'aniza lifike hivyo hivyo, na silinda hedi, yaani kile kichwa cha chuma kinachofunika injini kwa juu, ikapasuka. Wiki ya kwanza Mama alimbeba Meneja mgongoni hadi shuleni. Meneja ana miaka tisa na anakula vizuri. Wiki ya pili mgongo wa Mama ukagoma, na tangu hapo Meneja akabaki nyumbani, akihesabu boliti. Mwalimu wake alituma ujumbe kwamba asipofika kwenye mtihani wa mwisho wa mwezi, atarudia darasa.

Injini nyingine hatukuiweza. Mjomba, kaka yake Mama, ni fundi wa magari mjini, na kila alipotoka kazini alipitia kwetu kuijenga ile ya zamani kwa tulichonacho. Boliti zilizokubali kusafishwa zilirudi kazini. Silinda hedi aliitoa kwenye gari lililogongwa, huko wanakouza vyuma chakavu.

Ndani ya silinda hedi kuna njia nane, nne za kuingiza hewa na nne za kutolea moshi. Zile zetu zilikuwa na vinundu vya chuma vilivyobaki tangu kiwandani.

"Injini inapumua kama wewe, mpwa wangu," Mjomba alinieleza. "Ukiwa na mafua unaweza kukimbia mlimani? Basi hivi vinundu ndiyo mafua yake. Ukivilainisha, kile kilima itakipanda bila kulia."

Alinipa kijiti kilichozungushiwa msasa na kipande cha kadibodi alichokikata kwa umbo la njia yenyewe. Pembeni alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: KOMA.

"Kadibodi ikipita bila kukwama, koma hapo hapo. Nyuma ya ukuta huu kuna maji ya kupoza injini, na ukuta wenyewe ni mwembamba. Na ile drili yenye jiwe la kusagia usiiguse. Hiyo inakula chuma huku wewe unafikiri inalamba."

Nililainisha njia saba kwa siku nne. Ncha za vidole ziliniwaka. Siku ya tano Mjomba alikwenda kutafuta valvu, vile vizibo vinavyofungua na kufunga njia hizo, Mama akamwingiza Meneja ndani kuoga, nami nikabaki na njia ya nane, ya kutolea moshi, yenye kinundu kilichokataa katakata. Nilikuwa nimechoka. Niliitazama drili, nikajiambia ni dakika moja tu.

Haikufika hata dakika. Drili iliruka kidogo mkononi mwangu, kisha mlio ukabadilika. Nilipochungulia nikaona kitone cheusi kwenye chuma cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Nilimimina maji upande wa pili, nayo yakachungulia kwenye kile kitone, yakaanza kudondoka.

 Chuma kilichosagwa hakirudi, hilo nililijua. Kwenye rafu kulikuwa na gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Nikaziba, nikangoja ikauke, nikapiga msasa mpaka hata mimi sikuona tundu lilipokuwa. Mjomba aliporudi alipitisha kadibodi yake njia zote nane, akanipiga begani.

"Mikono ya fundi hii," akasema. Nilitaka ardhi inimeze.

Mjomba ana desturi yake. Hafungi silinda hedi kabla ya kuijaza maji mezani na kuiacha hadi siku ya pili, aone kama inavuja. Siku hiyo niliomba kimoyomoyo ivuje, ili jambo lijulikane bila mimi kufungua mdomo. Haikuvuja. Gundi ilishika kwa sababu maji yalikuwa baridi. Ndani ya injini, njia ile hupitisha moshi wa moto mkali, na gundi isingeuvumilia.

Baada ya hapo sikuwa na la kufanya, au ndivyo nilivyojidanganya. Kila jioni injini ilizidi kufungwa juu ya uongo wangu. Ikaja gasketi mpya, ile bamba nyembamba inayokaa kati ya silinda hedi na injini, ambayo ikishakazwa mara moja haitumiki tena. Mjomba akazikaza boliti kumi moja baada ya nyingine, na kila spana ilipolia, nilitafuta sababu ya kuondoka. Nilisema nina homa. Nilisema nina masomo. Kila nilipotaka kusema, Mama alikuwa anaipiga pasi sare ya Meneja.

Jumamosi asubuhi Meneja alivaa sare hiyo, ingawa shule ilikuwa Jumatatu, akabebwa na kuwekwa kiti cha mbele.

"Meneja anaruhusu," akatangaza. "Washa!"

Mjomba akawasha. Injini ilikohoa mara mbili, kisha ikashika, ikaunguruma laini kuliko tulivyowahi kuisikia. Mama aliziba uso kwa kanga, analia na kucheka. Meneja alipiga makofi mpaka akakosa pumzi.

"Dada! Umeipa pumzi! Jumatatu nafanya mtihani!"

Mimi nilikuwa natazama sindano ya joto. Ilikuwa inapanda polepole, kama inavyotakiwa. Lakini nilijua haitakoma. Haya yote yatakuwa chuma chakavu Jumatatu, na Meneja atakuwa ndani, katikati ya kilima.

"Zima," nikasema. Hakuna aliyesikia. "Mjomba, zima! Nilitoboa!"

Injini ilinyamaza. Nikasema yote, kuhusu drili, tundu na gundi. Mama aliketi chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Furaha ilimtoka usoni, na aliyeiondoa ni mimi. Meneja aliangalia vifungo vya sare yake.

"Kwa hiyo Jumatatu siendi," akasema kwa sauti ndogo. 

Mjomba hakunipiga wala kunifokea. Injini ilipopoa, alifungua boliti zote kumi. Alikwangua ile gundi kwa kisu, nayo ikabanduka kirahisi, kwani ilikuwa imeshaanza kulainika. Akanionyesha kwenye ncha ya kisu.

"Ungesema siku ile ile, ningeipeleka kwa mchomeleaji, jioni moja ikaisha," akasema. "Mimi mwenyewe nilipokuwa najifunza nilitoboa mbili. Chuma kilichotoboka kinazibwa, mpwa wangu. Ila tundu ulilolificha, nani angekusaidia kuliziba wakati wewe peke yako ndiye uliyejua lilipo?"

Mchomeleaji alilijaza tundu. Gasketi mpya ilinunuliwa kwa pesa za redio ya jikoni tuliyoiuza, na nyumba ikawa kimya. Mjomba akaniletea kijiti cha msasa.

"Kiraka hakijalainishwa," akasema.

"Mpe mtu mwingine, Mjomba. Naogopa."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Sasa utakuwa mwangalifu kuliko mimi."

Nililainisha siku tatu, nikipima kwa kadibodi kila baada ya mikwaruzo kumi. Jumatatu ya mtihani ilipita bila sisi. Mama alikwenda kwa miguu kumwomba mwalimu, akakubaliwa Meneja afanye peke yake wiki iliyofuata, pasipo nyongeza ya siku hata moja.

Siku ya mtihani wake tulikipanda kilima wote wanne. Nilikaa nyuma, nimeinama katikati ya viti, macho kwenye sindano ya joto. Ilifika katikati, ikasimama hapo hapo mpaka lango la shule. Mama alizima injini, akageuka.

"Mwanangu, hili gari utalipanda kila siku, nami nitaliamini," akaniambia. "Si kwamba naliamini kwa kuwa halina kiraka. Naliamini kwa sababu najua kiraka kiko wapi."

Mjomba alimbeba Meneja kumshusha. Alipofika mlangoni mwa darasa, Meneja alinitazama juu ya bega la Mjomba.

"Mshahara wako bado nimeukata," akasema. "Lakini kazi nimekurudishia."