Karatasi ya Fundi Harithi

Walikutana sokoni Nachingwea siku ya Jumamosi, wanawake wakigombania dagaa. Katika purukushani titi la pamba likamchomoka Shamimu kifuani, likaanguka chini. La kweli lilikatwa mwaka juzi kwa ajili ya saratani. Watu wakacheka, binadamu hana haya. Harithi, fundi cherehani wa Ruangwa, akaliokota, akalipangusa vumbi, akamnong'oneza kwamba limeshonwa vibaya mno.

"Nitakushonea jingine," akasema. "Hata mama yako hatajua lipi ni lipi."

Akashona kweli. Akamshonea na gauni la zambarau lililomkaa mpaka mashoga wakanuna. Simu zikawa asubuhi na jioni, laazizi huku, kipenzi kule, na posa ikapangwa Ijumaa, wazee wa Harithi watoke Nandagala. Shamimu alitaka kitu kimoja tu kabla ya kuitika: mume atakayeweza kulitazama kovu lake. Kila akiligusia, Harithi alisema haifai kabla ya ndoa. Basi Shamimu akamwona mcha Mungu, masikini.

Alhamisi Shamimu akaenda naye kwenye kikundi chao. Wanawake waliopona saratani walikuwa wakikutana kila wiki, wakiandika yaliyowakaa rohoni bila kutia jina, kisha karatasi zikichomwa moto. Siku hiyo nesi Winfrida, msimamizi wao, akawapa kalamu hata wasindikizaji. Harithi, akijua moto unangoja, akamwaga yote. Kumbe nesi alikuwa na lake. Walipomaliza akazichanganya karatasi, akasema leo kila mtu atasoma ya mwenzake kwa sauti, tufarijiane.

Shamimu akaangukiwa na mwandiko aliouona kwenye daftari la Harithi la vipimo vya nguo.

"Nampenda," akasoma. "Lakini nikikiwaza kifua chake nasikia kichefuchefu. Nilimshonea titi zuri ili nisahau. Tukioana nitazima taa. Nikishindwa nitaoa wa pili, yeye nitamwachia huruma."

Akasoma mpaka mwisho. Wenzake walilia, wakamlaani mwanamume wasiyemjua. Harithi alikuwa anatazama viatu vyake.

Nje akamkimbilia, akamshika kanga. Mtu mwenye asali yote ile kwenye simu, leo alikuwa na moja tu la kusema. Akasema alidhani karatasi zitachomwa.

"Piga simu Nandagala," Shamimu akamwambia. "Wazee wasijisumbue."

"Shamimu, nakupenda. Wallahi nakupenda."

"Najua, Harithi. Hilo nalo nimelisoma."