Kiwiko Kilichochomelewa

Fundi alichomelea mageti na madirisha. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, na watu walimfuata kutoka mitaa mitatu, maana geti lake likifungwa, limefungwa.

"Kitu kikilegea, mlaumu aliyekikaza," alipenda kusema.

"Na mdomo ukilegea tumlaumu nani?" mkewe alizoea kumjibu. Mkewe alikuwa muuguzi, na hakuwa na muda wa maneno mengi.

Katika kona moja ya karakana hiyo, watoto wanne walikuwa wakiunda roboti. Kiongozi wao alikuwa binti ya Fundi, mwenye miaka kumi na minne. Kwa udogo wa umbo lake, kila mtu alimwita Kiduchu. Roboti yao ilikuwa na magurudumu manne, betri, na mkono mrefu wa kunyanyulia maboksi. Walikuwa wakijiandaa kwa mashindano ya timu za shule. Zilibaki siku saba.

Jumamosi asubuhi, watoto walipokwenda kunywa chai, Fundi aliuona ule mkono ukiyumba. Akashika kiwiko chake. Bolti mbili tu, na zote zinacheza! Roho ikamuuma.

"Wanangu wataaibika mbele za watu," alijisemea.

Akavaa miwani yake ya kazi. Cheche zikaruka. Baada ya dakika kumi kiwiko kilikuwa kitu kimoja, kimenyooka kama nguzo. Akakisugua mpaka kikang'aa.

Watoto walirudi na Mwalimu, jirani wa nyumba ya tatu. Mama huyu alifundisha ufundi wa umeme chuoni, na kila mwaka alijitolea kukagua roboti kwenye mashindano. Alikuwa amebeba sanduku la mbao lisilo na mfuniko.

"Leo tunafanya ukaguzi wa majaribio," alisema. "Kabla ya mechi ya kwanza, kila roboti huingizwa kwenye sanduku la kipimo kama hili. Isipoenea yote, haichezi."

"Hata ikiwa nzuri?" Fundi aliuliza.

"Hata ikiwa inaimba."

Kiduchu akashika mkono wa roboti ili aukunje. Haukukunjika. Akausukuma kwa nguvu. Wapi!

"Mbona kiwiko kimegoma?"

Fundi akatabasamu. "Nimekichomelea. Sasa hata tembo hakivunji."

Kijana mmoja wa timu, mrefu hata wakamwita Ngazi, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mzee, umetumaliza," alisema.

"Nimewamaliza vipi? Nimewasaidia!"

Macho ya Kiduchu yalijaa machozi, lakini hakuyaacha yadondoke. "Baba, hicho ni kiwiko. Hata wewe kiwiko chako kikichomelewa, utakulaje?"

Fundi akatazama sanduku. Akatazama mkono uliosimama wima. Hapo ndipo alipoelewa. Mkono ulitakiwa ukunjwe ili roboti iingie sandukuni, kisha ukunjuke mechi ikianza. Alikuwa amefunga kitu kilichoumbwa kifunguke.

"Basi, si neno," alisema haraka. "Naukata sasa hivi, naunda mwingine. Mpaka adhuhuri umekwisha."

"Ngoja kwanza," Mwalimu alisema. "Hilo kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza."

"Kosa gani tena?"

"Haya ni mashindano ya watoto. Majaji hupita kila meza, na hawamuulizi mzazi. Wanamuuliza mtoto: hiki mmekitengenezaje? Kwa nini mlichagua hivi na si vile? Wanafungua daftari la timu waone mlikosea wapi na mlirekebisha vipi. Mtoto asiyeijua kazi yake atajibu nini? Na majaji wakigundua mzazi ndiye aliyeunda, timu hupoteza alama. Mahali pengine hutolewa kabisa."

"Sasa mimi kazi yangu nini? Kupiga makofi?"

"Kufundisha. Chukua chuma chakavu, waonyeshe kwenye hicho. Wakielewa, wafanye wenyewe kwenye roboti. Chunga macho yao na vidole vyao. Uliza maswali. Lakini roboti usiiguse."

Mkewe alikuwa akianika sare zake mlangoni. "Mwalimu," alidakia, "hapo umemtia pingu."

Kiduchu alifungua daftari. Akaandika tarehe, kisha: *Mkono haukunjiki. Kiwiko kimechomelewa. Tunaanza upya.* Akalifunga na kumgeukia Ngazi.

"Lete msumeno wa chuma. Maji yamezidi unga, lakini bado tunapika."

Kila siku baada ya shule walikuwa karakanani. Waliutupa mkono wa zamani na kuanza mwingine wa alumini, kwa kuwa ni nyepesi. Fundi alihakikisha kila mmoja amevaa miwani. Kisha akachukua vipande viwili vya bati nene, bolti moja na nati mbili.

"Nati moja hulegea kitu kikitikisika," aliwaambia. "Ukiongeza ya pili juu yake, zishike kwa spana mbili. Zikaze zibanane zenyewe kwa zenyewe. Lakini msikibane kiungo. Kiungo lazima kipumue."

Ngazi alikuwa wa kwanza kujaribu kwenye roboti. Alikaza mno, mkono ukaganda. Fundi akanyanyuka kitini.

"Baba!" Kiduchu alisema.

Fundi akaketi na kuikalia mikono yake. "Haya. Kwa nini umeganda?"

"Nimekibana," Ngazi alisema. Akalegeza robo mzunguko. Mkono ukakunjika.

Siku ya mashindano, ukumbi ulijaa meza, nyaya na kelele. Roboti ilikunjwa, ikashushwa ndani ya sanduku la mkaguzi, ikaenea na nafasi ya kidole ikabaki. Fundi akashusha pumzi.

"Mechi ni dakika mbili na nusu," Kiduchu alimweleza mama yake. "Sekunde thelathini za mwanzo hatugusi rimoti. Roboti inafuata programu tuliyoiandika. Baada ya hapo ndiyo tunaiendesha wenyewe."

"Na wale wa meza ya jirani ndio maadui zenu?"

"Mechi hii ni wenzetu, Mama. Tunacheza timu mbili kwa mbili. Mechi ijayo tunaweza kupangwa dhidi yao."

"Kumbe! Basi usimnunie mtu."

Walishindwa mechi ya kwanza, wakashinda ya pili. Majaji walikuja mezani. Jaji mmoja alisoma daftari, akainua uso.

"Nani alichomelea kiwiko?"

"Baba yangu," Kiduchu alijibu bila kupepesa macho. "Alidhani anatusaidia. Huu mkono mpya tumeuunda sisi. Nikuonyeshe tulivyofunga nati?"

Akaonyesha. Fundi alitazama viatu vyake, lakini masikio aliyatega.

Mechi ya tatu iliwatia shimoni. Roboti ya wapinzani iliwapiga kikumbo na mkono ukalegea, ukaning'inia. Ilibaki mechi moja tu kabla ya fainali, nayo ilikuwa baada ya dakika saba. Watoto walirudi mezani mbio. Fundi aliliona tatizo kabla hawajaiweka roboti chini. Vidole vilimwasha.

"Baba, unaona nini?" Kiduchu aliuliza huku akihema.

Fundi akauma ulimi. "Wewe tikisa mkono taratibu. Kinachocheza ni kipi?"

Kiduchu akatikisa. "Nati ya nje! Imerudi nyuma."

"Spana mbili," Ngazi alisema, tayari anazo mkononi.

Mmoja alishika, mwingine akakaza. Kwenye meza ya jirani, wasichana watatu wa timu iliyokuwa ikiongoza waliacha kazi yao wakawa wanawatazama. Dakika zilipofika nne, mkono ulikunjwa na kukunjuka mara tatu. Wakaenda uwanjani, wakanyanyua maboksi matano, wakashinda.

Hata hivyo walimaliza wa tisa kati ya timu ishirini. Ngazi alianza kukusanya nyaya.

"Usifunge begi bado," Mwalimu alimwambia. "Kwenye fainali, timu za juu huchagua washirika. Wanaweza kumchagua yeyote."

Nahodha wa timu iliyoongoza alishika kipaza sauti. Alikuwa mmoja wa wale wasichana watatu.

"Tunawachagua timu ya tisa," alisema. "Tumewaona wakitengeneza mkono wao kwa dakika nne, na hakuna mtu mzima aliyeigusa roboti yao. Fainali kitu kitavunjika tu. Tunawataka hawa."

Kiduchu na Ngazi wakainyanyua roboti, wenzao wawili nyuma na rimoti na betri. Walikuja mbio kuelekea uwanjani, kwenye njia nyembamba kati ya meza. Fundi alikuwa amesimama katikati, mikono imenyooshwa tayari kupokea mzigo.

"Baba, pisha!"

Fundi akapisha.