Mwanangu Alimuuliza Shosho, "Mume Wako Ni Nani?"

Nina miaka thelathini na sita, nashona sare za shule hapa Nakuru, na nina mtoto mmoja tu, Njeri, wa miaka minane. Wasomaji wenzangu, watu huniuliza mbona silii... Sijui niwaambie nini. Nimekauka tu.

Nilipoolewa na Baba Njeri nilijua desturi ya kwao, maana ndiyo ya kwetu pia. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya mume. Mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya mume, na shosho, yaani nyanya yake, akishamshika huyo mjukuu, humwita "mume wangu". Ni mapenzi na utani. Hakuna anayeshangaa.

Msichana wangu akapewa jina la mama mkwe wangu, Njeri, halafu tukaanza kumngoja mvulana. Baba Njeri alizaliwa peke yake, hana ndugu wala dada. Baba yake, mzee Kariuki, Guka wa Njeri, alikuwa ameshafariki. Kwa hivyo jina la mzee lingerudi kupitia kwangu, ama lisirudi kabisa!

Mimba mbili ziliharibika. Daktari akasema tuachie hapo. Lakini kila nikipanda Dundori kumwona mama mkwe, Shosho wa Njeri, alikuwa ananiuliza mbele ya watu, "Mume wangu anakuja lini?" Nilikuwa naenda kulia kwa choo, naosha uso, narudi kupika.

Halafu akaacha kuuliza. Hivyo tu, akaacha! Hata akaanza kunipakia viazi na maziwa ya kubeba. Nikasema moyoni, Mungu ambariki huyu mama, amenihurumia.

Baba Njeri naye alikuwa amekodi shamba la vitunguu huko Ndabibi, na alikuwa akilala huko siku nyingi za wiki. Vitunguu havijilindi, alisema. Mimi ni nani nibishane na vitunguu?

Sasa niwaambie kuhusu katuni moja. Njeri aliipata kwenye simu yangu nikiwa nashona. Ni vikaragosi wa soksi kuukuu wenye macho ya vifungo, na mkubwa wao anaitwa Mbona. Mtu mzima akisema jambo, Mbona anajikuna kichwa, anauliza kwa heshima, "Samahani, umejuaje?" Akijibiwa ovyo anauliza tena. "Swali langu bado lina njaa!" anasema, na watoto wanacheka.

Njeri alishika hiyo tabia kabisa. Alimuuliza mwalimu wa Sunday School, alimuuliza mwenye nyumba, aliniuliza mimi kwa nini nasema "dakika moja" na inakuwa jioni. Mimi nilikuwa nacheka. Baba Njeri hakucheka hata kidogo. "Hiyo takataka itatuharibia mtoto," alisema. "Mtoto wa kuhoji wakubwa atatuaibisha siku moja."

Eti kutuaibisha... Haki ya Mungu!

Siku ya ukumbusho wa mzee Kariuki tulienda Dundori. Wanawake wa kanisa na majirani tulikaa uani kwa Shosho, tukimenya viazi, sufuria kubwa katikati. Simu ya Shosho ikalia. Akapokea kwa sauti ya kubembeleza, "Kariuki, mume wangu! Umekula? Wacha kulia, nitakuja kukuona."

Njeri alikuwa amekaa karibu yake. Akangoja amalize, kama alivyofundishwa.

"Samahani Shosho," akasema, "si Guka alikufa? Mume wako ni nani?"

Wanawake wakacheka kidogo. Shosho akasema ni mtoto wa jirani, ni mchezo tu. Njeri akajikuna kichwa. "Jirani gani? Na kwa nini ana jina la Guka?"

Hapo kicheko kikaisha. Visu vikasimama. Nikainua macho, nikawaangalia mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeniangalia. Wote walikuwa wanajua! Uani kote, mjinga alikuwa mimi peke yangu.

Maana Shosho ana mtoto mmoja tu. Mjukuu wa kuitwa Kariuki angetoka wapi?

Shosho akapiga kelele kwamba mtoto amelelewa na simu. Baba Njeri akaja mbio kutoka kwa hema la wageni. Hakuuliza kumetokea nini. Akamshika Njeri sikio, akampigisha magoti juu ya maganda ya viazi, akamwambia aombe msamaha.

"Nimekosea wapi, Baba?" Njeri akauliza. Akazabwa kofi.

Mtoto akaniangalia mimi. Macho yake yote kwangu... Na mimi je? Niliendelea kumenya. Nasema ukweli, mikono iliendelea kumenya kiazi, kikaisha, nikachukua kingine. Sikusikia uchungu. Sikusikia chochote.

"Nisamehe, Shosho," mtoto akasema.

Tuliporudi nyumbani mtaa wa Section 58, Baba Njeri aliniambia yote akiwa anavua viatu, kama mtu anayesimulia bei ya vitunguu. Kuna mwanamke Ndabibi. Kuna kijana wa miaka minne. "Mama hangekubali jina la mzee lipotee," akasema. "Na wewe hukuwa unaweza." Hata pole sikupata.

Sikupiga kelele. Nilikunja nguo zetu, nikachukua cherehani yangu, nikamshika mtoto mkono. Tumepanga chumba kimoja upande mwingine wa mji.

Watu wakidhani kilichonikausha ni mume, wanakosea. Mume ameenda, basi, aende! Kinachonimaliza ni kwamba siku hiyo tuliyohama, na mizigo mgongoni, Njeri hakuniuliza tunaenda wapi. Hakuuliza baba anakuja lini. Hadi leo haulizi kitu. Nikimwambia lala, analala. Nikimwambia kula, anakula. Majirani wananisifu eti nina mtoto mwenye adabu.

Akina mama wenzangu, nawasihi. Mtoto akiuliza swali na watu wazima wakanyamaza ghafla, msimkemee yeye. Waangalieni hao walionyamaza. Na msimame naye hapo hapo, mbele ya watu, si baadaye nyumbani! Mimi nilichelewa kwa kiazi kimoja tu.

Jana mimi mwenyewe nilimwekea katuni yake. Mbona akajikuna kichwa, akasema swali lake bado lina njaa. Njeri hakucheka. Alinitazama kwanza, kama anayetafuta ruhusa, halafu akazima simu, akanirudishia.

"Uliza, mama," nikamwambia. "Niulize chochote."

Akasema hana swali.