Isale la Kumi na Mbili

Jumanne hiyo ilianza kama Jumanne nyingine yoyote kwa majirani zetu wa kule juu ya Makumira. Magreth alikamua ng'ombe, akachemsha chai ya maziwa, na binti yake Nice akatandaza makaratasi mezani kabla hata ya kunawa uso. Shauri lao lilikuwa lisikilizwe Alhamisi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Shamba lao, ekari mbili za migomba na kahawa, zamani lilikuwa la mlowezi mmoja wa Kijerumani, Kessler. Mwaka 1934 aliandika wosia, akaziacha ekari hizo kwa "mtoto niliyezaa na Tabitha, mpishi wangu." Nice aliamini mtoto huyo ni babu yake, Eliud. Lakini baba mdogo Philemoni, mjukuu wa kaka yake Tabitha, alidai Eliud alikuwa mtoto wa kuokota, damu ya watu wasiojulikana, na kwamba ardhi ni ya ukoo wa Tabitha. Akishinda, mama na binti wangefungasha vyombo.

"Msomi," Philemoni alimcheka Nice Jumapili nje ya kanisa, watu wakisikia, "hayo makaratasi yako hata ng'ombe hali."

Nice hakuwa mtu wa kubahatisha. Wosia ulitaja mpaka: masale kumi na moja, ile mimea ya kupandwa mipakani, kutoka mfereji hadi mti wa mringaringa. Alivaa koti na buti, akachukua futi kamba na daftari, akaenda kuyahesabu mwenyewe.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukajaa migombani, mpaka sauti za shule zikawa kama zinatoka chini ya maji. Akahesabu. Kumi na moja kamili. Akaandika, akapiga mstari.

Ndipo akaliona la kumi na mbili. Lilikuwa nje ya mpaka, fupi, peke yake katikati ya migomba. Kando yake alisimama bibi kizee, mbeleko imefungwa mgongoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa Eliud?"

"Ni babu yangu."

Bibi alichuma jani la isale, akamnyooshea kwa mikono miwili. Nice alilelewa akijua maana yake. Mtu akija na isale anaomba msamaha, na isale halikataliwi, hata kama amekuulia ndugu. Akalipokea kwa mikono miwili, kwa adabu.

Vidole vya bibi vilikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

"Wangu alikufa kwa homa," bibi alinong'ona. "Hakufikisha miezi mitatu. Nikamzika hapa, bwana Kessler asijue. Nikaiba wa mwenzangu pale kambi ya vibarua, mweupe kama wangu, nikamwita Eliud. Mwenzangu alilia mpaka akapofuka. Umenisamehe?"

Nice alitaka kukimbia. Lakini isale lilikuwa tayari mikononi mwake.

"Nimekusamehe."

"Basi mchukue. Nimembeba mno. Mgongo umechoka."

Akafungua mbeleko. Ndani hamkuwa na kitu. Nice alitazama vizuri. Hamkuwa na kitu. Lakini mikono ya bibi ilishusha kitu, polepole, mmoja ukikishikilia kichwa.

Ukungu ulipita kati yao. Ulipoachia, palikuwa na isale tu. Kwenye udongo ule uliolowa kulikuwa na alama za buti za Nice, si za mtu mwingine.

Magreth alimsikiliza hadi mwisho bila kukaa.

"Ulipokea isale kabla hujaambiwa kosa?"

"Ndiyo, mama."

"Peke yako? Bila wazee?"

"Ningelikataaje?"

Magreth alizunguka nyuma yake, akanyoosha mkono kumgusa mgongo. Kisha akaurudisha haraka, kama aliyegusa sufuria ya moto.

Nice hakulala siku mbili. Kweli sasa aliijua: wosia haukumhusu babu yake. Mtoto aliyetajwa alikuwa chini ya isale.

"Ukisema hivyo," mama yake alinong'ona asubuhi ya Alhamisi, "sisi tunakwenda wapi?"

Kwenye baraza la ardhi, mwenyekiti aliusoma wosia kwa sauti, akavua miwani.

"Binti, unathibitisha kwamba mtoto anayetajwa humu ni wa kwenu?"

Nice alisimama. Nyuma ya shingo yake kitu kilipumua. Pumzi fupi. Za haraka. Za joto.

Alimtazama mama yake.

"Ndiyo," alisema. "Ni wa kwetu."

Pumzi zikatulia, kama za aliyepata usingizi.

Philemoni alikuwa ameinuka kupinga. Mdomo wake ulibaki wazi. Hakumtazama Nice usoni. Alitazama juu ya bega la kushoto la Nice.

"Mheshimiwa, naondoa shauri langu."

"Kwa sababu gani?"

"Naliondoa tu."

Alimpita Nice ukumbini akiambaa ukuta. Hakuwa na kejeli tena. Alisimama hatua tatu mbele, akageuka, akanong'ona:

"Mwanangu. Mfunike kichwa. Kuna baridi."

Shamba ni lao hadi leo. Hati imetoka kwa jina la Magreth. Lakini lile koti alilovaa Nice siku ile ya ukungu lina doa mgongoni, chini kidogo ya kola, upande wa kushoto. Amelipima: sentimita tisa kwa saba. Ni kiasi cha shavu la mtoto mchanga. Limefuliwa kwa sabuni, kwa majivu, kwa maji ya moto. Mchana linakauka. Kila asubuhi linakutwa limelowa, likinuka maziwa.