Geti Lililojibu Salama

Pikipiki ya Rahabu, Boxer, ilikata kona ya Soni kwa tairi moja. La pili lilikuwa likimwomba Mungu.

Mbele yake lori la Fuso lililojaa kabichi za Shume liliporomoka kuelekea Mombo. Chini ya kabichi alilala Yassin, mpelelezi mwenzake, kafungwa kamba kama kuku wa mgeni. Alikuwa amewafuma wezi wa vinyonga. Wakivuka geti la ukaguzi tu, watamtupa korongoni.

Akamfokea fundi wa kompyuta wa geti, aliyekuwa kibandani, kwenye simu ya sikioni.

"Hafidhi! Kamera ya joto inaona mtu?"

"Giza tupu, dada. Ila jaribio limesema salama. Geti litajifungua."

"Lizuie!"

"Halisikii mkono. Linasikiliza skripti tu, zile amri nilizoliandikia."

Giza, halafu salama?

"Mstari wa mwisho wa skripti yako unafanya nini?"

"Amri ya echo. Inaandika neno SALAMA tu."

Lo!

Kamera imekatwa waya. Amri ya kuikagua ilishindwa, ikatoa moja, namba ya kufeli. Kisha echo ikaandika neno lake bila taabu, ikatoa sifuri. Na geti huchukua jibu la aliyesema mwisho.

"Hafidhi, skripti yako ni Mswahili kamili! Nyumba inaungua, ikiulizwa habari inajibu nzuri."

"Lakini sifuri si ndiyo kufaulu?"

"Kwa kompyuta. Wewe shuleni sifuri zilikuletea viboko. Sasa sikia: namba ya kamera itie mfukoni kabla echo haijafumbua mdomo. Mwishoni utoke nayo hiyohiyo."

Vidole vikagonga. Chini tu ya amri ya kamera: hali=$?

Mwisho kabisa: exit $hali

Fuso likapiga honi. Mti wa geti ukaanza kunyanyuka.

"Iendeshe!"

"Imetoa moja, dada! Moja!"

Mti ukashuka. Breki zikalia mpaka mbuzi wa jirani wakajibu.

Rahabu akasimama dirishani mwa lori, bastola ya Glock mkononi. Dereva, kijana wa ndevu tatu, akainua mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zima gari, mwanangu. Ushuke polepole."

Kabichi zikamwagika. Yassin akaibuka, jani limemganda kwenye paji la uso, kinyonga begani akizungusha macho.

"Umechelewa," akasema.

"Na wewe umenenepa. Kamba imekuchora."

Rahabu akachagua kabichi moja, akaipima kwa kiganja, akaibana kwapani.

Hafidhi akatoka kibandani mbio. "Dada, hicho ni kidhibiti cha kesi!"

"Kidhibiti ni lori zima," akasema Rahabu, akipiga kiki. "Hii ni mboga."