Moyo wa Injinia Kibona

Daktari Tumpe Mwasile alivaa kiganja-mwangwi mkono wa kulia, akapaka ute wa baridi, kisha akakiweka juu ya kifua cha mgonjwa. Papo hapo moyo wa mtu huyo ukatokea hewani juu ya kitanda, mkubwa kama tikiti maji, ukipiga.

Kiganja-mwangwi kilikuwa glavu nyembamba, nyeupe kama tui. Kilituma mwilini sauti kali ambazo sikio la binadamu halizisikii, kikapokea mwangwi wake, na kwa mwangwi huo kikachora kila kilichomo ndani: vyumba vya moyo, milango yake, damu inakoingia na inakotokea. Katika jiji la Mbeya la miaka hiyo hakukuwa na chumba cha dharura kisichokuwa nacho. Mgonjwa hakusukumwa tena koridoni kupelekwa kwenye mashine. Daktari aliivaa mkononi.

"Umeona damu kwenye mfuko wa moyo?" mgonjwa aliuliza.

Tumpe alishtuka. Mtu huyo alikuwa ameletwa saa nne asubuhi, jasho likimtiririka, midomo imepauka, na hakumtarajia kusema lolote.

"Nimeiona, mzee. Tulia."

"Sasa panda juu kidogo. Kushoto kwa mfupa. Laza mkono. Hapo."

Alitii kabla hajajiuliza kwa nini anatii. Mshipa mkuu, ule unaotoa damu moyoni kuipeleka mwili mzima, ukajitokeza hewani. Ndani yake utando mwembamba ulikuwa ukipepea kila moyo ulipopiga.

"Ukuta wa ndani umechanika," mgonjwa alisema taratibu. "Nimetazama picha za namna hiyo miaka ishirini. Naitwa Ambakisye Kibona."

Muuguzi Lusajo, aliyekuwa akitafuta mshipa wa kuweka dripu, aliinua uso. Wote wawili walilijua jina hilo. Injinia Kibona ndiye aliyebuni kiganja-mwangwi. Alikuwa amestaafu, amehamia shambani kwake kulima maparachichi, na asubuhi hiyo akiwa anapogoa matawi alisikia mgongo unapasuka kama kuni.

Pembeni mwa picha namba ikawaka. Mashine ilikuwa imemaliza kukadiria muda aliobakiwa nao.

"Thelathini na nane," injinia alisoma. "Dakika."

Tumpe alitamani kuificha namba ile, lakini ilikuwa inaelea hewani, na macho ya mgonjwa yalikuwa mazima kabisa. Akageuka kwa Lusajo.

"Mpasuaji yuko wapi?"

"Ana mtu, daktari."

Mpasuaji wa mikono sita, mashine pekee mjini iliyoweza kushona mshipa mkuu, alikuwa na mikono yake yote ndani ya kifua cha mwanamke mwingine. Upasuaji ulikuwa umeanza saa moja asubuhi. Mwanamke yule asingeweza kuachwa wazi.

"Dodoma?"

"Ndege ya wagonjwa imeshapaa, na daktari wa kifua yumo. Wanasema dakika hamsini na tano."

Hakuna aliyefanya hesabu kwa sauti.

Tumpe alichukua sindano ndefu, akaichoma chini ya mbavu huku akiifuata ncha yake kwenye picha. Akavuta damu iliyokuwa inaubana moyo. Presha ikapanda. Namba ikaruka hadi arobaini na tatu, Lusajo akashusha pumzi. Kisha damu ikaanza kujaa tena. Ilikuwa kama kufuta maji sakafuni wakati bomba limepasuka ukutani.

"Mke wangu yuko nje?" injinia aliuliza.

"Yuko sebuleni," Lusajo alijibu.

"Mbele ya kioo?"

Lusajo aliitikia kwa kichwa. Kila chumba cha dharura kilikuwa na kioo cha ndugu huko nje, na kila kilichoonwa na kiganja kilionekana pale. Kiliwekwa baada ya miaka mingi ya malalamiko kwamba madaktari huwaficha watu habari za wagonjwa wao.

"Kizime, daktari."

"Hakizimiki, mzee."

"Najua. Mimi ndiye niliyekataa kiwekewe swichi." Akafumba macho, akayafumbua. "Basi toa mkono. Ukitoa mkono, picha inakatika."

"Nikitoa mkono sioni sindano inakwenda wapi. Nitakutoboa moyo."

"Binti yangu, nasoma namba kama unavyoisoma wewe."

"Ndege inakuja," Tumpe alisema. Alijisikia akisema kama mtu anayemdanganya mtoto, na injinia alimwangalia kwa huruma, jambo lililomuuma zaidi.

"Lusajo, nenda ukamtoe mama pale. Mpeleke akanywe chai, popote."

Lusajo alitoka mbio. Alirudi peke yake.

"Amekataa. Anasema akigeuza macho atakuwa amemwacha mzee peke yake."

Injinia alicheka kidogo, kicheko kikamkata pumzi. "Ndiye Subilaga huyo," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Tulimfikiria daktari anayetazama. Tukamfikiria ndugu. Sikukumbuka kwamba mgonjwa naye ana macho."

Tumpe alivuta damu mara ya tatu, ya nne, ya tano. Mara ya sita damu ilirudi kabla sindano haijajaa. Utando ndani ya mshipa ulipasuka wote. Aliuona ukipasuka, wazi, kwa rangi zote, kuliko daktari yeyote wa zamani alivyowahi kuona kitu, na mikono yake haikuwa na la kufanya. Walimkandamiza kifua, wakampa dawa, wakakandamiza tena. Moyo ule mkubwa hewani ukatetemeka, ukalegea, ukasimama. Namba ilikuwa bado inaonyesha dakika kumi na moja.

Tumpe aliuacha mkono pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akauondoa.

Sebuleni, Bi Subilaga alikuwa amesimama karibu na kioo kiasi kwamba pumzi zake zilikuwa zimekitia ukungu. Alipomwona Tumpe alimwendea kwa haraka, akamshika mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa umechangamka.

"Pole na kazi, mwanangu. Nilikuwa naogopa! Ulikuwa unarukaruka vile, nikasema moyo gani huu wa baba Sekela. Halafu nikauona umetulia." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nikamshukuru Mungu. Amepata usingizi, sivyo?"

Juu ya paa ndege ya wagonjwa ilisikika ikitua, mapema kuliko ilivyoahidi.

"Mama," Tumpe alisema, "tukae kwanza."

"Nikae kwa nini? Niambie hapahapa. Nimeona kila kitu."